Injini Iliyotolewa Skrepu: Dalili kwa Dalili Mpaka Iwake

Huku Malindi gari halifi mara moja. Linaegeshwa chini ya mvinje kwa sababu fulani, tuseme lilikata moto njiani kutoka Garsen na mwenyewe hakuwa na pesa za fundi wiki ile. Wiki ikawa mwaka. Upepo wa kusi ukaleta chumvi, mvua ya mwezi wa tano ikaingia kupitia kabureta isiyo na kifuniko, nyigu wakajenga ndani ya bomba la ekzosi, na miaka ilipopita akaja kijana wa mkokoteni na mzani wake. Injini hiyo imekufa mara mbili. Kifo cha pili, cha kutu, kila mtu anakiona. Kile cha kwanza kimejificha chini yake, na mafundi wengi hawakitafuti. Wanatoa kutu, wanatia ringi mpya, injini inawaka, watu wanapiga makofi, na wiki ya pili inakata moto kama ilivyokata siku ile ya kwanza.

Nitatumia zaidi injini moja, ya Land Rover ya petroli ya lita 2.25. Hii ni ile ya cc 2286 iliyoingia na Series II mwaka 1958 na ikadumu miaka mingi baadaye, ndiyo maana vipuri vyake bado vinapatikana. Niliinunua kwa kilo, pamoja na giaboksi na nusu ya chesisi, katika yadi moja hapa mjini. Peugeot 404 na Volkswagen ya mgongo wa kobe nitazitaja pale zinapotofautiana.

Kabla ya kulipa

Kijana wa yadi aliniambia, "Kaka, hiyo imekufa kitambo, chukua kama chuma." Nikamuuliza ilikuwa ya nani. Swali hilo lina faida kuliko spana yoyote utakayobeba. Akanielekeza kwa mzee mmoja upande wa Ganda, nami nikaenda jioni ileile.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu kitako."

Nikamuuliza gari liliachwa kwa nini. Akasema lilikuwa likenda vizuri mpaka ukitaka kupanda mlima. "Ukikanyaga mafuta, inakohoa, inakata. Ukiiachia, inashika tena. Kabureta imesafishwa mara tatu. Pampu nikanunua mpya. Nikachoka." Niliandika maneno hayo kwenye boksi la plagi. Tutayarudia.

Chukua risiti yenye namba ya injini, na kama kitabu cha gari kipo kiombe. Biashara ya vyuma chakavu nchini ina sheria yake ya mwaka 2015 na inataka leseni, na mwanzoni mwa 2022 serikali iliisimamisha kabisa kwa miezi kadhaa baada ya wizi wa nyaya na nguzo za umeme. Usipende kuonekana na injini ambayo huwezi kueleza ilikotoka. Kwenye 2.25 namba imepigwa chapa kwenye bloku, upande wa kushoto kwa mbele, karibu na manifoldi ya ekzosi. Sugua rangi kwa msasa laini, usitumie tindo.

Papo hapo yadini, chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni habari njema. Oili ya rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na itabidi ujue yameingia kwa mvua au kwa ufa. Kisha tazama vile vifuniko vya duara vya bati vilivyopigwa ubavuni mwa bloku kuziba njia za maji. Vikiwa na matundu ya kutu ni kazi ya saa moja, usivunjike moyo.

Haizunguki kabisa

Watu wakiona injini haizunguki wanasema pistoni zimeshika. Mara nyingi ni kweli, lakini anza na vitu vya nje, maana hivyo havina gharama. Toa mkanda wa feni ujue kama dainamo au pampu ya maji ndiyo iliyoganda. Toa stata. Stata za zamani za Lucas hujamu na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na nyuma ya mhimili wa stata kuna ncha ya mraba, mara nyingine chini ya kikofia. Ukiizungusha kwa spana, jino linaachia. Nimewahi kuona injini nzima inauzwa kwa bei ya chuma kwa sababu ya jino hilo. Klachi nayo ikishikana na flaiwili, na giaboksi ina kutu, utahangaika na pistoni zisizo na hatia.

Vyote hivyo vikiwa huru na injini bado ni jiwe, toa plagi zote nne umulike ndani kwa tochi. Silinda ambazo valvu zake zilikuwa zimefungwa siku gari lilipozimwa huwa safi, na zile ambazo valvu ilibaki wazi ndizo zilizoingiza hewa ya bahari. Kwa hiyo utakuta moja au mbili ndizo zenye kutu, si zote. Injini yangu ilikuwa na kutu silinda ya tatu, rangi ya machungwa kabisa, na juu ya pistoni kulikuwa na udongo wa nyigu mkubwa kama kokwa ya embe.

Kabla ya kumimina chochote, toa shafti ya roka (vile vikono vinavyofungua valvu) na fimbo za kusukumia valvu, uzipange kwa mfuatano wake. Valvu iliyoganda ikisukumwa kwa nguvu, fimbo inapinda kama mshipi, na hapo umeongeza kazi.

Sasa dawa. Ninayoiamini ni asetoni na oili ya giaboksi za otomatiki, nusu kwa nusu. Vitu hivi viwili havipendani, vinaachana kama maji na mafuta ya nazi, kwa hiyo tikisa chupa kila unapomimina. Inashika moto upesi mno, basi sigara na jiko viwe mbali. Mimina vijiko vitano au sita kila silinda, rudishia plagi kwa mkono tu, acha. Kesho ongeza. Kama asetoni huna, dizeli na oili hiyohiyo itafanya kazi, ila itataka siku nyingi zaidi. Wiki moja ni muda wa kawaida. Wiki tatu nimezisubiri.

Baada ya hapo usitumie stata, wala usivute gari kwa kamba likiwa kwenye gia. Stata haina hisia. Tia nondo kwenye meno ya flaiwili kupitia tundu la stata, au spana ndefu kwenye nati ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) mbele, usukume kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili. Unatafuta milimita moja. Ikija milimita moja, mimina tena, subiri, sukuma kwa kurudi na kwenda. Jambo la kujua: kwenye injini hizi pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja, ya pili na ya tatu pamoja. Zikiwa zimegandia juu kabisa na chini kabisa, krankshafti haina pembe ya kuzivuta, utavunja meno ya flaiwili bure. Hapo hedi itoke.

Hedi ikishatoka, tafuta kipande cha mazio, mti wa mkoko, kuukuu kutoka dari iliyobomolewa. Silinda ya 2.25 ina upana wa milimita 90.47, basi kichonge kipwaye kidogo. Mkoko haupasuki ovyo kama msonobari. Gonga kwa nyundo ya ratili nne, ukizunguka ukingo wa pistoni, si katikati. Pistoni iende chini kwanza. Usiirudishe juu kabla ya kusugua kutu ya ukuta kwa msasa na oili, la sivyo ringi zitavunjikia kwenye kutu hiyo.

Wenye Peugeot 404 wakumbuke kwamba silinda zake ni za kuchomeka, na zimezungukwa na maji. Hedi ikiwa nje na ukizungusha injini, mikebe ile inanyanyuka pamoja na pistoni na mpira wa chini unaharibika. Ibane kwa bolti na washa pana kabla ya kugusa krankshafti.

Inazunguka, lakini haina nguvu ya kubana

Tia geji ya kompresheni kila silinda, kabureta ikiwa wazi kabisa. Sijali sana namba yenyewe kwenye injini iliyolala, maana ringi zimenata na zitaachia baada ya kuwaka. Ninajali tofauti. Silinda zote zikiwa ndani ya asilimia 10 hivi, endelea. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, ni valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa kiasi kilekile, gasketi ya hedi imechomeka katikati yake, usipoteze siku kutafuta kingine.

Valvu zilizoganda wazi zinafunguka kwa uvumilivu. Dondosha dawa ileile kwenye mguu wa valvu, gonga kichwa cha springi kwa nyundo ya plastiki, zungusha, dondosha tena. Ukiona pete ya kutu kwenye kiti cha valvu, kusaga kwa mkono kwa unga wa kusagia kunatosha kama kutu haijachimba. Ikiwa imechimba, mashini shopu wakate.

Na kuna jambo la petroli. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006. Risasi ile, pamoja na ubaya wake wote kwa watoto, ilikuwa ikilinda viti vya valvu za ekzosi kwenye hedi za zamani za chuma. Nafasi ya tapeti za 2.25, yaani uwazi kati ya roka na valvu, ni milimita 0.25 kwa zote nane. Ukiseti leo, na baada ya safari chache za Mombasa ukakuta nafasi ya ekzosi imejifunga, kiti kinazama. Dawa yake ni viti vya chuma kigumu, na huwa ninavitia palepale hedi ikiwa nje, maana kufungua mara ya pili ni gharama ya gasketi na kelele za nyumbani.

Maji yanapotea au oili imekuwa ya maziwa

Usihukumu kwa utando mweupe kwenye kifuniko cha juu peke yake. Hewa yetu ina unyevu, na injini inayowashwa dakika tano kila jioni kuonyeshwa wageni hujikusanyia jasho hapo. Chomoa kijiti cha oili. Huko kukiwa safi, iendeshe mpaka Mambrui na kurudi, utando utaisha.

Ikiwa oili ya chini nayo ni ya maziwa, tafuta ufa. Huhitaji vifaa vya maabara. Safisha bloku na hedi mpaka chuma kionekane, paka mafuta ya taa kwa kitambaa, acha robo saa, futa mpaka ikauke kabisa, kisha paka unga wa chaki ya shule. Ukingoja kidogo, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Tazama sana kati ya viti vya valvu na chini ya vile vifuniko vya bati. Krankshafti nayo ining'inize kwa kamba uigonge kwa nyundo ndogo. Nzima inalia kama kengele ya shule. Yenye ufa inasema "tap" na kunyamaza.

Ufa ulio nje kwenye njia ya maji unashoneka. Lakini chuma cha kumimina si bati la mlango. Kinataka kupashwa moto chote kwanza, waya wa nikeli, na kupoa polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu usiku kucha. Fundi akikuambia atachomelea kwa waya wa kawaida na utaondoka nayo mchana, mshukuru, uende zako.

Kutu kwenye vipuri vilivyotoka

Kwa vyuma vyenyewe, sampu (bakuli la oili chini ya injini), kifuniko cha roka, puli, bolti, mimi hutumia umeme. Ndoo ya plastiki, maji, na magadi, yaleyale ya kuchemshia maharagwe, kijiko kikubwa kwa kila lita tano. Waya hasi wa chaja ya betri ufungwe kwenye kipuri, waya chanya kwenye kipande cha chuma cha taka. Visigusane. Baada ya saa chache maji yanakuwa kama uji wa wimbi na kutu inatoka kwa brashi. Fanya nje penye upepo, kwa sababu gesi inayotoka inalipuka. Usitumie chumvi badala ya magadi, wala chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maana kinatoa sumu majini.

Alumini usiitie humo. Kabureta usiitie humo, wala kwenye siki, wala kwenye maji ya ukwaju ambayo bibi zetu husafishia sinia za shaba. Ukwaju ni mzuri kwa bolti zenye kutu nyepesi, lakini ule mchanganyiko wa zinki wa kabureta unaliwa na asidi mpaka njia za mafuta zinapanuka. Bloku ya Volkswagen ina magnesi ndani yake, nayo katika hewa ya bahari hugeuka unga mweupe. Ukiweza kuichimba kwa kucha, iache yadini.

Haiwaki kabisa

Cheche kwanza. Toa waya wa katikati wa distribyuta, uushike kwa koleo lenye mpira milimita 6 kutoka kwenye chuma, msaidizi azungushe. Cheche ya buluu inayopiga kama ukuni mkavu ni nzuri. Ya manjano, nyembamba, inayosuasua, ni kondensa au pointi, yaani vile vidole vya ndani ya distribyuta vinavyokata na kuunganisha umeme. Pointi za gari lililolala huwa na utando wa kijivu usioonekana vizuri. Zipitishe tupa laini mara mbili, kisha karatasi safi. Nafasi yake iwe milimita 0.35 hadi 0.40, plagi milimita 0.75 hadi 0.80. Kondensa badilisha hata kama sijaja kuiona. Ni kipuri cha bei ya soda na kinapoteza siku za watu.

Mfuatano wa waya za plagi ni 1-3-4-2 kwa Land Rover na Peugeot, na 1-4-3-2 kwa Volkswagen. Nimekuta gari lililouzwa skrepu waya mbili zikiwa zimebadilishana. Sicheki, hata mimi nimelifanya kosa hilo, saa sita usiku, betri ikiwa imekwisha.

Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 hivi zina athi chanya, yaani upande chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye mwili wa gari. Fundi kijana asiyejua anafunga betri kinyume, geji ya chaji inarudi nyuma, dainamo inagoma, na cheche inadhoofika. Soma kibandiko na rangi za waya kabla hujafunga. Ukiamua kugeuza, geuza pia nyaya za koili, na dainamo uiamshe kwa kugusisha waya kutoka betri kwenye kituo chake kidogo, mguso wa sekunde tu.

Petroli ni kazi fupi zaidi. Petroli iliyolala hunuka kama rangi ya mlango. Mwaga yote, osha tangi, badilisha mipira yote, kwa kuwa ile ya zamani imekauka ikawa biskuti. Pampu ya zamani ina utando wa mpira ndani ambao ukipasuka unamwaga petroli kwenye oili. Nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, usiwashe.

Inawaka, lakini inakohoa ukikanyaga

Haya sasa, maneno ya mzee wa Ganda. Kukohoa unapokanyaga mafuta kila mtu husema ni petroli, na kweli yafaa uanzie hapo. Kabureta ya Zenith iliyo kwenye nyingi za 2.25 ina tabia yake. Uso wa kifuniko cha juu hupinda, na mpira mdogo wa duara ndani yake ukikauka, petroli inapita njia isiyo yake. Hapo moshi unakuwa mweusi na injini haitulii ikiwa moto. Sugua uso ule juu ya kioo kilichowekwa msasa, tia mpira mpya. Jua kali la saa nane nalo linaweza kuchemsha petroli ndani ya bomba lililopita karibu na ekzosi. Funga kitambaa chenye maji baridi kwenye pampu. Gari likishika mara moja, umepata jibu.

Yangu nilifanya yote hayo. Ikawaka, ikanguruma vizuri uwanjani, nikaipeleka barabara ya kuelekea daraja la Sabaki. Nilipokanyaga kwenye kupanda, ikakohoa, ikakata. Nikaachia, ikashika. Nilisimama pembeni nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nasikia sauti ileile aliyoisikia yule mzee miaka yote hiyo. Petroli ilikuwa safi na pampu ni mpya. Basi si petroli, na haikuwahi kuwa.

Nikafungua distribyuta. Ndani yake kuna sahani inayobeba pointi, na sahani hiyo husogea kidogo kila mvuto wa hewa kutoka kabureta unapobadilika, yaani kila unapokanyaga au kuachia. Athi yake inapita kwenye waya mmoja wa nyuzi, mfupi kama kidole cha mwisho. Kwa macho ulikuwa mzima. Nilipouvuta kwa kibano, ulirefuka kama mpira, maana nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika zote na ganda pekee ndilo lililobaki. Sahani ikitulia ncha zinagusana, ikisogea zinaachana, cheche inapotea.

Kuupima ni rahisi: multimita, ncha moja kwenye sahani, nyingine kwenye mwili wa distribyuta, kisha sukuma sahani kwa kidole. Namba ikirukaruka, ndio huo. Nilishonea waya mpya wa nyuzi nyembamba nyingi. Waya wa redio wenye nyuzi nene utakatika tena mwezi wa pili.

Moshi

Mweusi ni petroli nyingi, rudi kwenye kabureta. Mweupe unaoisha injini ikipata moto ni unyevu. Mweupe usioisha, wenye harufu tamu kama una dawa ya rejeta, ni maji yanayoingia silinda. Buluu ni oili. Ukitoka unapoachia mafuta kwenye mteremko, ni gaidi za valvu, yaani mirija inayoongoza miguu ya valvu. Ukitoka unapovuta, ni ringi, ila ipe injini iliyolala safari tatu nne kabla ya kuihukumu. Ringi zilizonata huachia.

Inachemka

Ugonjwa wa pwani huu, na chanzo mara nyingi ni ndoo. Visima vyetu vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, na kwa miaka mingi makondakta wamekuwa wakiyamimina kwenye rejeta. Chuma kinaota magamba, na hedi ya alumini kama ya Peugeot 404 inaliwa kwenye matundu ya maji mpaka gasketi haina pa kukaa. Gari hilo lilishinda Safari Rally mara nne miaka ya 1960, halafu linakuja kuuawa na ndoo ya kisima.

Kwenye 2.25, tope la kutu hujikusanya nyuma kabisa ya bloku, kuzunguka silinda ya nne, ambako rejeta mpya haitafika. Gonga vile vifuniko vya bati vitoke, chokonoa kwa waya mgumu, suuza kwa bomba. Nilitoa vikombe viwili vya tope jekundu. Tia maji ya mvua au ya dukani pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Thamostati irudishwe mahali pake, hata kama kila fundi mtaani atakuambia Malindi ni joto na haihitajiki. Bila hiyo injini haipati joto lake, oili inajaa unyevu, na maji yanapita rejeta mbio bila mpangilio. Volkswagen haina maji, lakini fungua bati la feni uone. Panya hupapenda hapo, na kiota chao juu ya mapezi ya silinda kinaiunguza injini nusu saa tu.

Iliyozama

Ndugu wa Lamu, ambako injini za gari za zamani hupata maisha ya pili ndani ya boti, tatizo lenu ni jingine. Injini ikizama, usiitoe kabla hujawa tayari kuifanyia kazi. Chini ya maji kutu inaenda polepole. Ikipigwa na hewa ikiwa na chumvi, saa chache zinatosha kuiharibu. Ikitoka, suuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi nje na ndani, mwaga oili, jaza dizeli kila mahali, izungushe kwa mkono, kisha mwaga tena. Ukiipandisha gatini Mokowe ukaiacha juani wiki nzima ukisubiri lori, nunua nyingine.

Inagonga, au geji ya oili imelala

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, toa plagi, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Isipopanda, usiwashe kwa matumaini. Sampu itoke, chujio la chini mara nyingi limezibwa na tope gumu kama lami. Ikishapata moto, 2.25 nzima inapaswa kuonyesha psi 35 hadi 65 kwenye mwendo wa kama mizunguko 2000 kwa dakika.

Ikigonga, ondoa waya wa plagi mojamoja injini ikiwa inawaka. Sauti nzito ikipungua kwenye silinda fulani, ni beringi ya konrodi ya silinda hiyo. Sauti nyepesi ya haraka juu, isiyobadilika, ni tapeti. Beringi iliyokwisha haitibiwi kwa oili nzito wala kwa chupa za dawa, krankshafti itoke ipimwe na ikatwe saizi.

Na baada ya saa ya kwanza ya kuwaka, mwaga oili ingali moto, uipitishe kwenye kitambaa cheupe kuukuu, ukitandaze juani. Unga mweusi ni kutu iliyokuwa inasubiri kutoka. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya fedha au shaba ni beringi. Kwenye kitambaa changu kulikuwa na unga, mguu mmoja wa nyigu, na chembe moja ya shaba, ambayo nimeihifadhi ndani ya kiberiti nikiisubiri iwe na mwenzake.